Bilingi ya kliniki na kodi ya mauzo ya jimbo: mwongozo kamili kwa mliopo Texas na wenye wateja majimbo mengine

Wengi wetu tulioingia kwenye bilingi (kudai malipo ya kliniki kwa bima) huku Marekani tuliingia kwa mlango wa nyuma, ulikuwa msaidizi wa wagonjwa au nesi, ukasoma kodingi (kuandika magonjwa na huduma kwa misimbo) usiku baada ya shifti, ukapata cheti, siku moja daktari mwenye kliniki ndogo akakwambia hebu nifanyie klemu zangu (madai ya malipo kwa bima), mwaka unaofuata una wateja wanne na kampuni imesajiliwa. Kodi ya mapato unaijua maana kila mtu anaizungumzia, lakini kodi ya mauzo ya jimbo hakuna aliyekufundisha, unaona hiyo ni ya wauza nguo na viatu. Mimi pia niliona hivyo mpaka kliniki moja niliyokuwa naifanyia kazi ilipofika kwa mkaguzi wa kodi na yule mkaguzi akaomba invoisi zangu za miaka minne. Kila invoisi ilikuwa na mstari mmoja tu, "huduma za bilingi", na namba chini yake. Huo mstari mmoja ndo ulinisumbua miezi mitano, na ndo maana naandika hii yote kwa urefu.

Kitu kikubwa cha kuelewa kabla hujaanza ni kwamba kodi haiangalii jina la kampuni yako wala cheo chako, inaangalia umefanya nini na umekifanya klemu ikiwa imefika wapi. Kazi ileile ya dakika kumi inaweza isitozwe kodi Jumatatu na ikatozwa Alhamisi kwa sababu tu katikati hapo klemu imeshatumwa bima.

Hatua ya kwanza: chora safari ya klemu yako

Chukua karatasi kabisa, usifanye kichwani. Andika kila kitu unachomfanyia mteja kuanzia mgonjwa anapokata miadi mpaka hela inaingia. Kwa wengi wetu inakuwa hivi: unahakiki bima ya mgonjwa kama iko hai, unasoma maelezo ya daktari, unaweka misimbo ya ICD-10 ya ugonjwa na ya CPT ya huduma, unaandaa klemu, unaituma kwenye mfumo wa kupitishia klemu kwenda bima kama faili la 837 (klemu ya kielektroniki). Hapo piga mstari mnene katikati ya karatasi. Chini ya mstari andika yanayofuata: unapokea faili la 835 lenye majibu ya malipo, unaingiza malipo kwenye akaunti za wagonjwa, unafuatilia klemu zilizokataliwa, unatuma klemu ya marekebisho (ile yenye namba 7 ya kubadilisha ya zamani), unaandika rufaa, unamtumia mgonjwa bili ya sehemu yake, na wengine mnafika hadi kupiga simu kudai madeni ya zamani.

Huo mstari mnene ndo moyo wa hii habari kwa Texas, sasa nakueleza kwa nini.

Hatua ya pili: jua sheria ya Texas ilipotoka na ilipo sasa

Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi kwa hiyo inategemea sana kodi ya mauzo, na tofauti na majimbo mengi yenyewe ina orodha ya huduma zinazotozwa. Kwenye orodha hiyo kuna "huduma za bima", na ndani ya huduma za bima kuna kushughulikia klemu. Kwa miaka mingi ofisi ya Komptrola, yaani ofisi inayosimamia kodi za jimbo, ilikuwa haiwagusi watu wa bilingi za hospitali. Mwishoni mwa 2019 ikatangaza kwamba kuanzia 2020 bilingi ya matibabu itahesabiwa kama huduma ya bima na itatozwa kodi. Madaktari wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa, halafu Korona ikaingia, ikasogezwa tena kusubiri bunge la jimbo likutane 2021. Bunge likapitisha muswada wa HB 1445, na kuanzia Januari 2022 bilingi ya matibabu na ya meno imetolewa kwenye huduma za bima.

Watu wengi wamesikia hadi hapo wakalala usingizi, "si walifuta ile kodi". Jamani someni sentensi yote. Kilichotolewa ni bilingi inayofanyika kabla klemu haijawasilishwa kwa mara ya kwanza. Na sheria yenyewe imetaja ni kazi gani: kuweka misimbo ya klemu, kuhakiki bima ya mgonjwa, kuandaa fomu ya klemu, na kuituma. Vinne hivyo. Kila kilicho juu ya mstari wako mnene kimepona, kilicho chini ya mstari hakikulindwa na ule msamaha.

Kwa hiyo kufuatilia klemu iliyokataliwa na bima, kutuma klemu ya marekebisho, kuandika rufaa, hizo zinabaki kwenye eneo la kushughulikia klemu na unatakiwa uzichukulie kama zinatozwa. Kudai deni lililochelewa lina jina lake kabisa kwenye orodha ya Texas, huduma ya ukusanyaji madeni, linatozwa, halina mjadala. Kuingiza malipo na kutengeneza ripoti za hesabu kunaweza kuangukia uchakataji wa data, ambao Texas unatozwa kwa asilimia 80 ya bei, yaani asilimia 20 inasamehewa. Na kama unamkodishia daktari softwea ya kuingia kwa intaneti, nayo inaingia humohumo kwenye uchakataji wa data, asilimia 80.

Kiwango: jimbo ni 6.25%, mji na kaunti na mabasi ya umma wanaongeza hadi 2%, jumla haizidi 8.25%. Dallas na Houston wote wako kwenye 8.25%.

Tunza pia ushahidi wa tarehe. Mfumo wa kupitishia klemu unakurudishia taarifa kwamba bima imeipokea klemu, ile wanaita 277CA, wengi tunaiangalia tukaifuta. Usifute. Ndo karatasi inayoonyesha klemu iliwasilishwa lini kwa mara ya kwanza, na bila hiyo huna cha kumwonyesha mtu kazi ipi ilikuwa kabla na ipi baada.

Hatua ya tatu: mkataba na invoisi, hapa kaa sana

Hii hatua ndo yenye pesa. Texas wana kanuni ya asilimia 5. Ukimuuzia mteja huduma isiyotozwa pamoja na inayotozwa kwa bei moja ya jumla, na ile inayotozwa ikawa zaidi ya asilimia 5 ya bei, wanachukulia kwamba bei YOTE inatozwa kodi. Unachoweza kufanya kujiokoa ni kutenganisha bei kwa mteja, kwa kiasi chenye mantiki, wakati ule ule unapomuuzia. Usisubiri miaka mitatu baadaye mkaguzi akiwa mezani, hapo itabidi uthibitishe mgawanyo kwa nyaraka.

Sasa shida ya biashara yetu ni kwamba wengi tunalipwa asilimia ya kilichokusanywa. Tuseme kliniki imekusanya dola 80,000 mwezi huu na mkataba wako ni asilimia 6, unalipwa 4,800. Invoisi ya mstari mmoja inasema "bilingi, 4,800". Ndani yake kuna rufaa na ufuatiliaji, ni zaidi ya asilimia 5 bila ubishi, basi yote inatozwa: 4,800 mara 8.25% ni dola 396 za kodi.

Ukitenganisha vizuri inakuwa hivi: kuhakiki bima, kodingi, kuandaa na kutuma klemu 3,600. Kufuatilia klemu zilizokataliwa na rufaa 900. Kukusanya madeni ya zamani 300. Zinazotozwa ni 1,200, kodi yake ni dola 99. Tofauti ni 297 kwa mwezi, kwa mwaka 3,564, kwa mteja MMOJA. Na kumbuka kama hukumkata mteja hiyo kodi, mkaguzi anakudai wewe, sio kwamba itasubiri mteja alipe.

Unatenganishaje kama bei ni asilimia? Mimi nilifanya hivi, kwa siku 90 kila mtu wangu aliandika muda wake kwa aina ya kazi, sio kwa mteja tu, kwa aina ya kazi, juu ya mstari au chini ya mstari. Baada ya hapo nikawa na picha ya kweli, kwa kliniki za familia ufuatiliaji ulikuwa kidogo, kwa daktari wa maumivu ulikuwa karibu nusu ya kazi maana bima zinakataa sana. Kisha nikaandika mkataba upya wenye bei mbili au tatu badala ya moja: asilimia fulani kwa kazi ya kabla ya kutuma, na bei yake peke yake kwa kazi ya baada. Wengine wanatoza ufuatiliaji kwa kila klemu, wengine kwa saa, chochote kinachoeleweka sawa. Usijitungie tu kwamba kazi ya baada ni dola 10 ili kodi ishuke, sheria inasema bei yenye mantiki, na ile karatasi ya muda ndo inayokutetea. Itunze pamoja na mkataba.

Na mteja mweleze kabla. Madaktari wengi wanajua matibabu hayatozwi kodi ya mauzo kwa hiyo wanadhani na wao wakinunua huduma hawatozwi. Sio hivyo. Mgonjwa halipi kodi kwa kuonwa na daktari, ila daktari akinunua huduma inayotozwa anailipa kama biashara nyingine yoyote. Nilivyokaa na daktari wangu mmoja dakika ishirini na karatasi ya zile 396 na 99 alisaini mkataba mpya siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: jua ni jimbo gani lina haki ya kukudai

Tangu kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani Juni 2018, jimbo linaweza kukutaka ukusanye kodi hata kama huna ofisi wala kiti huko, ilimradi unauza kiasi cha kutosha. Texas wameweka dola 500,000 za mauzo ndani ya miezi 12 iliyopita kwa muuzaji wa nje ya jimbo, na wanahesabu mauzo yote, hata yale yasiyotozwa. California nao ni 500,000. South Dakota ni 100,000, New Mexico 100,000.

Lakini hicho kiwango ni cha asiyekuwepo. Ukiwa na mguu kwenye jimbo, hata mfanyakazi mmoja anayefanya kodingi kutoka sebuleni kwake, upo tayari, hata kama umeuza dola 5,000. Hii inatukamata sana kwa sababu tunaajiri ndugu na marafiki waliosambaa, shemeji yuko Ohio, binamu yuko Minnesota. Andika orodha ya wafanyakazi wako na wanakoishi kabla hujaandika orodha ya wateja.

Na kwa mlio Nairobi au Dar mnaofanyia kliniki za Texas kazi usiku wakati huku ni mchana: kile kiwango cha 500,000 kinawahusu pia, kuwa nje ya Marekani sio kinga kwa kodi ya jimbo. Ukiwa chini ya kiwango na huna mtu huku hulazimiki kukusanya, ila mteja wako mwenyewe anatakiwa kulipa kodi ya matumizi moja kwa moja kwa jimbo kwa kile kinachotozwa. Kama wewe ni mkandarasi mdogo wa kampuni ya bilingi ya huku, na wao wanaiuza tena hiyo huduma kwa daktari, waombe cheti cha kuuza tena, basi huwakati kodi.

Majimbo mengine kwa kifupi tu. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayana kodi ya mauzo ya jimbo (Delaware wanatoza mapato ghafi ya biashara, hiyo unailipa wewe). California na Florida kwa kawaida hawatozi huduma kama hizi. Upande wa pili kuna wanaotoza karibu kila huduma: South Dakota, ambako kiwango cha jimbo kimekuwa 4.2% tangu Julai 2023, na huduma ya afya imesamehewa ila bilingi sio huduma ya afya. New Mexico wanatoza mapato ghafi, jimbo ni 4.875% na miji inaongeza juu. Hawaii ni 4% na kisiwa cha Oahu wanaongeza nusu asilimia, huko inagusa karibu kila senti ya biashara. Katikati ndo pagumu: Pennsylvania inatoza ukusanyaji madeni 6%, Connecticut inatoza uchakataji wa data 1%, Ohio inatoza uchakataji wa data wa kibiashara, New York inatoza softwea iliyo tayari hata ukiitumia kwa intaneti. Kwa kila jimbo ulilonalo mteja chukua ileile karatasi ya safari ya klemu uulize swali moja moja kwa kila mstari, usiulize "bilingi inatozwa?" maana jibu la hilo swali halikusaidii.

Hatua ya tano: kibali

Ukishajua unauza kitu kinachotozwa Texas, omba kibali cha kodi ya mauzo kabla hujamkata mtu hata senti. Fomu ni AP-201, unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya Komptrola, haina ada. Andaa namba ya kodi ya kampuni, namba ya usalama wa jamii ya wenye kampuni, na tarehe ya kwanza uliyouza kinachotozwa. Hiyo tarehe usidanganye, na kama ni ya zamani ruka kwanza usome hatua ya mwisho kabla hujabonyeza kitufe.

Hatua ya sita: vyeti vya msamaha

Hospitali ya serikali, kliniki ya shirika lisilo la faida lililokubaliwa na Komptrola, hao hawalipi. Ila usichukue kwa mdomo. Fomu ni 01-339, upande mmoja ni cha kuuza tena na upande mwingine ni cha msamaha, mteja anasaini, wewe unakitunza miaka minne. Shirika kuwa lisilo la faida kwa serikali kuu peke yake haitoshi, jimbo nalo liwe limeshalipatia msamaha wake, unaweza kulitafuta jina lake kwenye tovuti ya Komptrola.

Hatua ya saba: kata, tenga, peleka

Ukikata kodi weka kwenye akaunti yake, mbali na hela ya kazi. Hiyo sio hela yako hata siku moja, ni ya jimbo umeshikilia tu, na ukiitumia mwenye kampuni anaweza kudaiwa yeye binafsi hata kama kampuni ni ya dhima yenye mipaka. Nimeona mtu mchapakazi kabisa akiikopa "mara moja tu" kulipa mishahara na hakuweza kuirudisha.

Ripoti inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi yako ikifika dola 500 kwa mwezi unapeleka kila mwezi, chini ya hapo ni kila robo mwaka, na ikiwa chini ya dola 1,000 kwa mwaka mzima unaweza kupeleka mara moja kwa mwaka, wao ndo watakuandikia uko kundi gani. Ukiwahi unabaki na nusu asilimia ya kodi kama asante. Ukichelewa kuna faini ya dola 50 kwa ripoti, halafu asilimia 5 ya kodi ndani ya siku 30, ikizidi siku 30 ni asilimia 10, riba inaanza siku ya 61. Na kipindi ambacho hujauza chochote kinachotozwa bado unapeleka ripoti ya sifuri, hapa ndo wengi wanakula zile dola 50 bure.

Kwenye ripoti wanaomba mauzo yote ya Texas na mauzo yanayotozwa kando. Kwa mfano wetu: yote 4,800, yanayotozwa 1,200. Kwa uchakataji wa data unaandika asilimia 80 tu upande wa yanayotozwa.

Hatua ya nane: ukikuta ulishakosea huko nyuma

Usikimbilie kuomba kibali na usinyamaze. Texas wana mpango wa kujitokeza kwa hiari, unaweza kuuanza bila jina kupitia mhasibu au mwanasheria wa kodi, wanarudi nyuma miaka minne tu na faini wanasamehe. Sharti ni uwe hujatafutwa nao, barua ya ukaguzi ikishafika mlango umefungwa, na kibali kikishatoka mambo yanaweza kubadilika, ndo maana nikasema usibonyeze kitufe kwanza.

Kama kuna kazi yako isiyoeleweka iko juu au chini ya mstari, mwandikie Komptrola uombe barua ya uamuzi, eleza kazi hatua kwa hatua kama ulivyoichora, jibu lao linakulinda mradi ulieleza ukweli wote. Maamuzi ya zamani wameyaweka wazi kwenye mfumo wao wa STAR, tafuta humo kwanza, mimi nilipata barua mbili za watu wenye kazi kama yangu kabla sijaandika ya kwangu.

Kitu kimoja ambacho mpango wa hiari hausamehi faini yake ni kodi uliyomkata mteja ukakaa nayo. Kama unayo hiyo, ipeleke kabla ya kitu kingine chochote, hata kama kompyuta mpya itasubiri mpaka mwakani.